Sura ya Nne: Cheti cha Saa na Mkono Unaoivaa

Saa ya kamani, yaani saa ya mkono inayoendeshwa na utepe wa chuma uliokunjwa na kukazwa kwa ufunguo badala ya betri, mara nyingi huuzwa ikiwa na ahadi ya usahihi iliyoandikwa kwenye cheti chake, kwenye kijitabu chake au hata kwenye uso wake. Ahadi hiyo hutajwa kwa sekunde: saa itatangulia au itachelewa kwa sekunde kadhaa kwa siku, wala haitapita hapo. Waswahili husema ahadi ni deni, na mnunuzi ana haki ya kulidai deni hilo, lakini kabla ya kulidai hana budi kujua liliandikwa katika mazingira gani, kwa maana saa iliyoahidi sekunde nne ndani ya chumba tulivu haikuahidi chochote juu ya mkono wa mtu anayeendesha mtambo wa kuchimba shaba. Sura hii inaeleza jinsi viwango vya usahihi vinavyopatikana, kisha inavifuata hadi Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako vumbi, baridi ya usiku wa kiangazi, mitikisiko ya kazi na sumaku za viwanda vya shaba huitahini saa kwa namna ambayo cheti hakikuiwaza. Hoja yake ni kwamba kiwango cha usahihi ni nusu tu ya kipimo, na kwamba nusu ya pili humwangukia mvaaji mwenyewe, mahali pale anapoishi na kufanya kazi.

Mapigo 691,200

Ili kuelewa ugumu wa ahadi hiyo, inafaa kuanza na kilichomo ndani ya saa. Kamani kuu hukaa ndani ya kipipa kidogo, na inapojikunjua husukuma msururu wa magurudumu yenye meno, ambayo yangezunguka ovyo na kumaliza nguvu zote kwa muda mfupi kama yasingezuiliwa. Kazi ya kuyazuia na kuyaachia hatua kwa hatua hufanywa na uma mdogo wenye vipande viwili vya yakuti, na uma huo huamriwa na gurudumu la mizani, ambalo halizunguki bali hubembea, likienda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Kinacholirudisha ni kamani ya pili, nyembamba kama unywele na iliyojiviringa kama nyoka aliyelala, ambayo hapa itaitwa kamani ya unywele. Mwaka 1675 Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alitangaza saa yenye kamani ya namna hiyo, na tangu hapo usahihi wa saa ya mkononi umetegemea zaidi kitu kimoja: kwamba kila mbembeo wa gurudumu la mizani uchukue muda uleule kama uliotangulia.

Saa nyingi za kisasa za aina hii hupiga mapigo 8 kwa sekunde, na kwa kuwa siku moja ina sekunde 86,400, gurudumu la mizani hutoa mapigo 691,200 kati ya alfajiri moja na nyingine. Saa inayotangulia kwa sekunde 6 kwa siku imekosea kwa takribani sehemu 7 katika sehemu 100,000. Mizani ya kupimia madini ikiwa na kosa dogo kiasi hicho ingepima gunia la kilo 100 na kukosea kwa gramu 7 tu, uzito ambao hakuna mfanyabiashara wa madini angejishughulisha nao. Kwa hiyo mtu anayeilaumu saa ya kamani kwa kupoteza sekunde kadhaa kwa siku anakilaumu chombo kilicho miongoni mwa vyombo sahihi kabisa vya kimakanika ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvimiliki, na lawama hiyo huwa ya haki pale tu chombo kinapokwenda kinyume cha kilichoahidiwa.

Cheti kinapima nini

Ahadi za usahihi zilizaliwa na haja ya kazi. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana karibu na Kipton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na baada ya ajali hiyo Webb C. Ball, sonara na muuza saa wa mji wa Cleveland, alipewa jukumu la kusimamia saa za wafanyakazi wa reli. Masharti yaliyoenea baadaye katika reli za Marekani yalidai kwamba saa ya mfanyakazi isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na kwamba ipimwe ikiwa imelazwa na ikiwa imesimamishwa katika mikao mitano, na katika joto na baridi. Sababu yake inaeleweka vizuri na yeyote anayeijua reli ya njia moja, kama ile iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 na kuendelezwa baadaye kuelekea migodi ya magharibi: pale ambapo treni mbili zinatumia reli moja na kupishana stesheni tu, saa ya dereva ni chombo cha usalama sawa na breki.

Siku hizi kiwango kinachotajwa zaidi ni kile cha kimataifa kiitwacho ISO 3159, ambacho nchini Uswisi husimamiwa na COSC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuzipima saa na kuzipa zinazofaulu jina la kronomita, yaani saa ya usahihi uliothibitishwa. Jaribio lake huchukua siku 15. Katika siku 10 za kwanza mtambo wa saa hukaa katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, ukiwekwa siku mbilimbili katika mikao mitano: mitatu ya kusimama na miwili ya kulala, uso ukitazama chini kisha juu. Siku ya 11 hupelekwa kwenye nyuzi 8, siku ya 12 hurudishwa kwenye nyuzi 23, siku ya 13 hupandishwa hadi nyuzi 38, na siku mbili za mwisho hurejeshwa katika mkao wa mwanzo ili kuona kama bado unakwenda kama ulivyokwenda. Kila siku mwendo wake, yaani sekunde ulizotangulia au kuchelewa ndani ya saa 24, huandikwa.

Matokeo ya jaribio hilo hupitishwa katika vigezo saba, lakini matangazo ya biashara kwa kawaida hutaja kimoja tu, nacho ni wastani wa mwendo wa siku 10 za kwanza, ambao kwa mitambo ya ukubwa wa kawaida unapaswa kuwa kati ya kuchelewa sekunde 4 na kutangulia sekunde 6. Kukitaja kigezo hiki peke yake ndiko kunakowapotosha wasomaji wengi, kwa sababu wastani huficha mengi. Mfano wa saa mbili unatosha kulionyesha hilo. Ya kwanza hutangulia sekunde 7 kila siku bila kubadilika. Ya pili hutangulia sekunde 20 leo na kuchelewa sekunde 20 kesho, na kuendelea hivyo. Wastani wa saa ya kwanza uko nje ya mpaka, na wa saa ya pili ni sifuri, yaani ukamilifu mtupu. Hata hivyo mwenye saa ya kwanza ana chombo cha kutegemewa, maana anajua kwamba baada ya siku 10 atairudisha nyuma kwa sekunde 70, na fundi anaweza kuisahihisha kwa dakika chache, ilhali mwenye saa ya pili hawezi kujua leo iko upande gani. Kwa sababu hiyo kiwango chenyewe kina kigezo kinachodai kwamba tofauti za mwendo kutoka siku hadi siku zisizidi wastani wa sekunde 2, na saa ya pili ingeanguka hapo. Usahihi, yaani ukaribu na wakati wa kweli, na uthabiti, yaani kurudia mwendo uleule, ni sifa mbili tofauti, na mafundi saa hutanguliza uthabiti, kwa kuwa saa thabiti inaweza kufanywa sahihi, lakini saa isiyo thabiti haiwezi.

Jambo la pili ambalo cheti hakilisemi ni kwamba kwa kawaida kilichopimwa ni mtambo peke yake, kabla haujawekwa ndani ya kasha lake, ukiwa umetulia kwenye rafu ya maabara. Haukutembea, haukupanda pikipiki, haukutoa jasho, wala haukukaribia sumaku. Hili si kosa la maabara, kwa sababu jaribio lisilorudiwa katika hali zilezile haliwezi kulinganisha saa moja na nyingine. Kosa huanza pale msomaji anapochukua matokeo ya rafuni na kuyafanya kuwa ahadi ya mkononi.

Baridi ya Juni na hewa ya nyanda za juu

Kolwezi iko kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake una sehemu mbili zinazotofautiana sana: masika marefu yanayoanza takribani Oktoba au Novemba, na kiangazi cha katikati ya mwaka ambacho mchana wake ni wa jua kali, na usiku wake wa Juni na Julai hushuka karibu na nyuzi 10. Kwa saa, tofauti hiyo ni jambo zito. Chuma cha kawaida kikipata joto hulegea kidogo, kamani ya unywele hupoteza sehemu ya nguvu yake, na mapigo huchelewa. Saa ya zamani yenye kamani ya chuma cha kawaida na mizani ya shaba nyeupe isiyo na namna ya kufidia joto huchelewa kwa takribani sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Tatizo hilo lilitatuliwa kwa sehemu kubwa na Charles Édouard Guillaume, mwanafizikia aliyezaliwa Uswisi, ambaye uchunguzi wake wa michanganyiko ya chuma na nikeli ulizaa metali zisizoyumbishwa sana na joto na kumpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.

Hata hivyo kutatuliwa kwa sehemu kubwa si kumalizika. Kiwango cha ISO 3159 kinaruhusu mwendo ubadilike kwa hadi sekunde 0.6 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtu anayeivaa saa yake mchana, mahali ambapo ngozi huipa joto la nyuzi 30 hivi, kisha akaivua na kuiacha mezani katika usiku wa Juni wenye nyuzi 10, ameipitisha kwenye tofauti ya nyuzi 20, na saa hiyo ina ruhusa ya kubadili mwendo wake kwa sekunde 12 kwa siku. Saa 8 za usingizi ni theluthi moja ya siku, kwa hiyo kila usiku unaweza kuleta sekunde 4, na mwezi mzima wa usiku kama huo unaweza kuleta dakika 2 kamili, bila cheti kuvunjwa hata kidogo. Mtu huyohuyo akiivaa saa yake kitandani, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutoweka, maana mkono wa binadamu hutunza joto lake kwa uaminifu kuliko meza.

Mwinuko wa nchi nao una neno lake. Shinikizo la hewa ya Kolwezi ni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko la pwani, na gurudumu la mizani, ambalo hubembea mara mamia ya maelfu kwa siku, hukuta upinzani mdogo zaidi wa hewa, hivyo saa isiyofungwa barabara huelekea kutangulia kidogo kuliko ilivyokwenda usawa wa bahari. Athari hii ni ya sekunde chache, na haistahili kumkosesha mtu usingizi. Inastahili kujulikana tu kwa sababu inaonyesha kwamba hata hewa imo ndani ya hesabu.

Vumbi ni jambo la kuogopwa zaidi. Vumbi jekundu la barabara za Lualaba, linalotimuliwa na malori ya madini na kutanda mjini wakati wa kiangazi, lina chembe ngumu, na chembe moja ikipenya kwenye kitufe cha kutilia ufunguo na kufika kwenye mafuta ya ekseli, huligeuza tone la kulainisha kuwa dawa ya kusagia. Saa haisimami siku hiyo. Upeo wa mbembeo hupungua pole pole, tofauti kati ya mkao mmoja na mwingine hukua, na saa iliyokuwa thabiti huanza kubadilika mwendo bila sababu inayoonekana. Usahihi wa cheti ni wa mtambo msafi uliotiwa mafuta karibuni. Miaka mitano ya vumbi baadaye, cheti kinaeleza saa ambayo haipo tena.

Sumaku za viwanda vya shaba

Adui ambaye ni wa Kolwezi hasa ni sumaku, na ili kulieleza jambo hili inabidi kuingia kiwandani. Kiwanda cha Luilu, kilichoanza kazi mwaka 1960 chini ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo migodi yake ilitaifishwa na kuwa Gécamines, ni mfano wa viwanda vinavyotoa shaba kwa umeme. Madini huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha maji hayo ya buluu huingizwa katika safu ndefu za mabeseni, ambamo umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, huichota shaba kutoka kwenye maji na kuigandisha kwenye bamba. Ampea moja ikipita kwa muda wa saa moja hugandisha karibu gramu 1.19 za shaba. Kwa hiyo mkondo wa ampea 30,000 hugandisha karibu kilo 36 kwa saa katika kila beseni, na hii ndiyo sababu viwanda vya aina hii huhitaji makumi ya maelfu ya ampea, ingawa kila beseni hutumia volti 2 hivi tu.

Kila mkondo wa umeme huzungukwa na sumaku, na ukubwa wake hukokotolewa kwa hesabu nyepesi. Hatua ya mita 1 kutoka kwenye nondo moja ndefu, iliyonyooka, inayobeba ampea 30,000, nguvu ya sumaku ni takribani ampea 4,800 kwa mita. Namba hiyo ina maana ya pekee kwa mwenye saa, kwa sababu ndiyo hasa namba iliyowekwa na ISO 764, kiwango cha kimataifa cha saa zinazoitwa za kuhimili sumaku: saa hupewa sifa hiyo ikiwa, baada ya kukabiliwa na ampea 4,800 kwa mita, mwendo wake haujabadilika kwa zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Ndani ya kiwanda halisi nondo ni nyingi, na mikondo inayokwenda na kurudi hupunguza sumaku mahali fulani na kuiongeza mahali pengine, lakini hesabu inatosha kuonyesha kwamba fundi anayeinama juu ya mabeseni akiwa na saa mkononi anaweza kuivuka kwa hatua moja mipaka ambayo saa yake iliahidi. Sumaku nyingine ziko mapema zaidi katika njia ya madini, juu ya mikanda ya kusafirishia mawe, ambako hutundikwa ili kunasa vipande vya chuma visivunje mashine za kusagia.

Kinachotokea ndani ya saa kinaonekana kwa macho yenye lenzi. Kamani ya unywele ikiwa safi, mizunguko yake hukaa kwa nafasi zilizo sawa, ikipanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayepumua. Ikishikwa na sumaku, mizunguko miwili au mitatu huvutana na kugusana, na sehemu iliyogandana haifanyi kazi tena. Kamani imekuwa fupi bila kukatwa. Kamani fupi ni ngumu zaidi, mbembeo huwa wa haraka zaidi, na saa iliyokuwa ikikosea sekunde 5 sasa inaweza kutangulia kwa dakika kadhaa kwa siku. Mwenye saa hudhani imeharibika, ilhali hakuna kilichovunjika. Dira ndogo ikiwekwa kando ya saa hiyo, sindano yake hutikisika, na huo ndio uthibitisho. Tiba yake ni kuipitisha saa ndani ya kifaa cha koili chenye umeme wa mkondo geu, yaani unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde, na kuitoa taratibu huku kifaa kikiendelea kuwaka, mpaka sumaku iliyomo iishe. Kazi nzima ni ya nusu dakika.

Watengenezaji wamelifanyia kazi tatizo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 zilitoka saa zilizofunikwa ndani kwa kasha la chuma laini ili sumaku ipite pembeni, miongoni mwao Rolex Milgauss, na tangu mwaka 2015 taasisi ya vipimo ya Uswisi iitwayo METAS imekuwa ikitoa cheti kinachodai kwamba saa nzima, ikiwa ndani ya kasha lake, iendelee kwenda vizuri chini ya sumaku ya gausi 15,000, ambayo ni mara 250 ya kiwango cha ISO 764, na kwamba isichelewe hata kidogo wala kutangulia zaidi ya sekunde 5 kwa siku. Cheti hicho kimesogea karibu zaidi na maisha ya mvaaji, na hatua hiyo inastahili kusifiwa, kwa kuwa kinapima kitu kilekile ambacho mtu atakinunua.

Ardhi ya Lualaba ina nafasi yake katika pande zote mbili za kisa hiki. Kobalti, ambayo migodi ya eneo hili imekuwa chanzo chake kikubwa tangu enzi za Union Minière, ni mojawapo ya metali chache zinazovutwa na sumaku katika joto la kawaida, na huchanganywa na alumini, nikeli na chuma kutengeneza sumaku kali za aina ya alniko. Metali hiyohiyo, ikichanganywa na kromi, nikeli, chuma na molibdeni kwa vipimo vingine, hupoteza kabisa tabia hiyo. Katika miaka ya 1940 kampuni ya saa ya Elgin nchini Marekani ilitengeneza mchanganyiko wa namna hiyo, ulioitwa Elgiloy, wenye takribani asilimia 40 ya kobalti, kwa ajili ya kamani kuu ambayo haipati kutu, haikatiki ovyo na haishikwi na sumaku. Metali iliyomo kwenye sumaku inayoivuruga saa imo pia kwenye kamani inayoipa saa uhai.

Mitikisiko

Kuhusu mitikisiko maneno machache yanatosha. Saa iliyoandikwa kwamba inahimili mishtuko imepimwa kwa ISO 1413, jaribio linalolingana na kuanguka kutoka urefu wa mita 1 kwenye sakafu ya mbao ngumu, na hufaulu hata kama baada ya pigo hilo mwendo wake umebadilika kwa sekunde 60 kwa siku. Maandishi hayo yanaahidi kwamba saa haitavunjika. Hayaahidi kwamba itabaki sahihi. Aidha, pigo moja la kuanguka ni tofauti sana na mtetemo wa zamu nzima juu ya usukani wa lori la mgodi au juu ya mashine ya kutoboa mwamba, na anayefanya kazi hiyo hufanya busara kuiacha saa yake ya kamani nyumbani au kabatini.

Sahihi kwa kulinganisha na nini

Swali la msingi zaidi ni wakati gani hasa ambao saa inapaswa kuufuata. Kongo ina majira mawili ya saa: Kinshasa iko saa moja mbele ya majira ya Greenwich, na Lualaba iko saa mbili mbele. Lakini Kolwezi, kwa mahali ilipo kwenye ramani, karibu na nyuzi 25 na nusu mashariki, ingekuwa mbele kwa saa moja na dakika 42 tu kama ingefuata jua. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua hufika katikati ya anga la Kolwezi saa sita na dakika 18 mchana kwa saa ya serikali, na saa iliyosahihishwa hadi sekunde ya mwisho bado iko dakika 18 mbele ya jua. Hakuna aliyekosea hapo. Wakati wa saa ni makubaliano ya watu ili treni zipishane, zamu zibadilishane na baruti zilipuliwe baada ya wote kuondoka shimoni. Kuwa sahihi ni kuyaheshimu makubaliano hayo, na ubora wa saa hupimwa kwa uwezo wake wa kuyashika.

Siku hizi makubaliano hayo hufika kwa simu, ambayo hupokea wakati kutoka kwenye mtandao, na saa ya kwatsi, yaani ile ambayo kipande cha kioo chake hutetema mara 32,768 kwa sekunde kwa nguvu ya betri, hukosea kwa mwezi mzima kiasi ambacho saa nzuri ya kamani hukikosea kwa siku chache. Ikiwa haja ni sekunde peke yake, shindano liliisha tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipoanza kuuza saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi mjini Tokyo. Aliyebaki na saa ya kamani anayo kwa sababu nyingine: kwamba haihitaji betri wala mtandao, kwamba inaweza kutengenezwa kwa mkono, na kwamba inaweza kurithiwa. Saa ya namna hiyo hudai mwenye kuijua.

Daftari la siku kumi

Kujua huko hakuhitaji maabara. Mali bila daftari, husema Waswahili, hupotea bila habari, na daftari la saa ni rahisi kulishika. Kila siku kwa wakati uleule, kwa mfano saa mbili usiku, mvaaji hutia ufunguo, hulinganisha mshale wa sekunde na simu, na kuandika tofauti. Pembeni huandika kama saa ilivaliwa au ilivuliwa usiku, na kama ililazwa uso juu au ilisimamishwa kwa ubavu. Siku kumi zikiisha, safu moja ya namba humwonyesha mambo ambayo cheti hakikuweza kuyaona: kama saa hutangulia ikilala uso juu na kuchelewa ikisimama, anaweza kuchagua mkao wa usiku unaofuta kosa la mchana, kama namba zinasogea pamoja, saa ni thabiti na inahitaji kusahihishwa tu, kama zinarukaruka, kuna vumbi au mafuta yaliyokauka, na kama ghafla siku moja imetangulia kwa dakika, dira itamwambia kuhusu sumaku.

Daftari hilo ndilo linalomsaidia fundi saa. Fundi aliye na kifaa cha kusikiliza mapigo huona mwendo wa saa kwa muda wa sekunde chache tu, mezani pake, katika joto la duka lake. Namba za siku kumi humpa maisha yote ya saa nje ya duka. Akifungua mgongo wa saa nyingi za zamani za Uswisi, hukuta kijiti kidogo kilichosimama kati ya herufi mbili, A na R, za maneno ya Kifaransa yanayomaanisha kutangulia na kuchelewa, na kwa kukisogeza upana wa unywele huyarekebisha mapigo laki sita na ushei ya kila siku. Bila daftari husogeza kwa kubahatisha. Kwa daftari huirekebisha saa kwa ajili ya mkono mmoja, mji mmoja na kazi moja.

Tabia hii ya kuuliza namba ilipatikana wapi na katika hali gani ina thamani kubwa kuliko saa. Katika soko la madini la Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, bei ya gunia la mchimbaji mdogo hufuata asilimia ya shaba au kobalti inayosomwa na kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei, ambacho wachimbaji hukiita Metorex, na kutokuaminiana kuhusu usomaji huo kumekuwa chanzo cha manung'uniko ya miaka mingi. Kifaa hicho nacho kina usahihi wake wa maabara, uliopimwa kwa unga mkavu, laini na uliochanganywa sawasawa. Gunia la mawe yenye unyevu, likiguswa mahali pamoja tu juu ya uso wake, ni hali tofauti kabisa, kwa kuwa miale husoma ngozi nyembamba ya jiwe na unyevu hupunguza kinachosomwa. Mchimbaji anayedai sampuli ikaushwe, isagwe na isomwe mara kadhaa mbele yake anafanya kazi ileile ya mwenye daftari la siku kumi: anakamilisha kipimo ambacho kiwandani kiliishia nusu. Jaribio la kronomita huipeleka saa kwenye nyuzi 38 siku ya 13 na kuishia siku ya 15. Siku ya 16 haijaandikwa kwenye kiwango chochote, na kwa saa inayovaliwa Kolwezi, siku hiyo huandikwa Kolwezi.